Ukoo wa Chumbageni: mguu wa Mama

IJUMAA

Mwanaidi (20:04): Asalaam alaykum wote. Mama sasa anakwenda msalani kwa kushika ukuta. Picha ya goti ilitoka safi, akapewa vidonge, akarudishwa nyumbani, na maumivu yako palepale. Jumatatu anakwenda hospitali ya Bombo. Nataka majibu humu humu, msinipigie pembeni. Nani anampeleka, nani anachanga nini?

Mwanaidi (20:17): Naona mmesoma. Tiki za buluu haziendeshi gari.

Zubeda (20:21): Shikamoo shangazi. Bibi anasema ni goti, lakini akiinuka kwenye kibao cha mbuzi anashika huku juu, kwenye kinena. Na usiku hageuki mpaka nimshike.

Saumu (20:26): Zubeda, kinena ndiyo habari yenyewe. Neva zinazohudumia nyonga zinafika na gotini, kwa hiyo nyonga ikiharibika mtu analia goti. Goti linapigwa picha, picha inatoka safi, watu wanasema uzee. Mwambie Bibi yako aonyeshe mahali panapouma bila wewe kumtajia.

Saumu (20:28): Akikumbatia ubavu wa nyonga kwa kiganja, kidole gumba nyuma na vingine mbele, au akigusa kinena, shida huwa kwenye kiungo chenyewe. Akigusa lile fupa linalotokeza pembeni, na hawezi kulalia upande huo, mara nyingi ni kano, hizo zinatulia kwa mazoezi. Akishika tako, na maumivu yanashuka kupita goti mpaka unyayoni pamoja na ganzi, tuutazame mgongo.

Hamza (20:30): Mama alikata mduara harusi ya Mwanahawa mpaka ngoma ikaomba poo 😂😂 nyonga imeleta deni lake

Kassim (20:30): 😂😂😂 video ninayo

Tatu (20:31): Itume!! Ile aliyofunga leso kiunoni?

Kassim (20:33): 🎥 Video

Mwanaidi (20:34): Hamza. Nimeuliza usafiri, wewe umeleta ngoma.

Zubeda (20:36): Ameshika kwa kiganja, kama ulivyosema mama Saumu. Kidole gumba nyuma.

Saumu (20:38): Wallahi sikutaka jibu hilo. Ameanguka karibuni? Hata kuteleza tu?

Zubeda (20:44): Aliteleza bafuni. Alikaa chini kwa tako tu, akainuka mwenyewe. Alinikataza nisiseme.

Mwanaidi (20:45): Zubeda!!!

Rashidi (20:47): Msimgombeze mtoto, tunahitaji aendelee kutuambia. Mwanangu, piga picha dawa zote zilizo kwenye kikapu chake, hata zisizo na jina.

Zubeda (20:53): 📷 Picha
Losartan H ya presha, diklofenaki ya maumivu, na hivi vipakti vya karatasi vya yule bwana wa sokoni. Bibi anasema hivi ndivyo vinavyomtuliza.

Rashidi (21:02): Diklofenaki isimame leo usiku huu. Ile H kwenye dawa yake ya presha ni dawa ya kutoa maji mwilini. Losartan, dawa ya maji na diklofenaki zikikutana kwenye figo za mtu wa miaka 64, figo zinaweza kufeli bila dalili, presha nayo inapanda, na tumbo linaweza kutoa damu. Dawa ya presha asiache. Kwa maumivu anywe Panadol za kawaida za miligramu 500, mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku. Kwa uzito wake zisizidi sita kwa siku. Asichanganye na dawa ya mafua, nyingi zina parasetamo ndani yake.

Rashidi (21:06): Vipakti ndivyo vinavyonitisha zaidi. Unga usio na jina unaoondoa maumivu kwa siku mbili, hamu ya kula ikapanda na uso ukajaa, mara nyingi umesagiwa deksamethasoni au prednisoloni. Hizo ni dawa halali zikitolewa na daktari kwa kipimo. Zikitumika muda mrefu bila mtu kusimamia, zinalegeza mifupa, zinapandisha sukari, na zinaweza kukata damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Kichwa kikikosa damu kinakufa, kisha kinabonyea. Amevitumia tangu lini?

Zubeda (21:09): Tangu kabla ya Ramadhani. Uso umejaa kweli, sisi tulisema amenawiri.

Rashidi (21:12): Basi sikiliza vizuri. Visitupwe, na asiviache ghafla kwa uamuzi wetu humu. Mwili uliozoea dawa hizo unapunguza kutengeneza zake, ukikata mara moja mtu anaweza kutapika, presha ikashuka, akazimia. Viende naye hospitali, daktari avione kwa macho na aamue kuvipunguza vipi. Wala asiongeze kipimo ati kwa sababu diklofenaki imesimama.

Hamza (21:15): Ndugu zangu mnatisha watu. Kuna mzee wa Pangani anakanda kwa mafuta ya nyonyo, watu wanainuka. Elfu ishirini tu. Nimeshaongea naye, Jumapili anakuja.

Saumu (21:19): Hapana kaka Hamza. Nakuomba. Mtu aliyeteleza, mifupa imelegea kwa umri na kwa unga ule, maumivu yako kinenani: huyo tunamchukulia kama ana ufa kwenye shingo ya paja mpaka picha iseme vingine. Ufa uliobanana mtu anaweza kuutembelea, akiamini ni msuli. Ukimkanda na kumvuta mguu, ufa unaachana, na mishipa midogo inayopanda kwenye kichwa cha mfupa inakatika. Kilichokuwa kazi ya skrubu chache kinakuwa kazi ya kubadilisha nyonga.

Hamza (21:21): Sasa mbona anatembea?

Saumu (21:22): Nimekujibu hapo juu kaka. Kutembea hakuthibitishi kwamba mfupa ni mzima.

Saumu (21:25): Na dada Mwanaidi, kwa hili Jumatatu ni mbali. Kitengo cha dharura cha Bombo hakifungwi Jumamosi.

Tatu (21:26): Jamani lile sufuria kubwa la harusi liko kwa nani? La namba 40

Kassim (21:27): Si kwa mama Fatu

Tatu (21:27): Mama Fatu anasema alilirudisha

Mwanaidi (21:29): TATU. Soma ujumbe wa Saumu wa 21:25 ujibu huo.

Saumu (21:34): Usiku huu, Zubeda: alale chali, mto katikati ya mapaja. Tazama tu, usivute kitu. Miguu inalingana urefu? Vidole vya mguu mbovu vinatazama juu au vimelala nje?

Zubeda (21:41): Inalingana. Vinatazama juu, kidogo tu nje.

Saumu (21:44): Alhamdulillah. Mguu ukionekana mfupi na wayo umelala nje, au akishindwa kabisa kuukanyagia, au akipata homa, au mkojo ukimtoka bila kujua na ganzi katikati ya mapaja, hapo hamungoji asubuhi wala kikao. Saa hiyo hiyo.

Saumu (21:50): Mengine ya nyumbani. Kibao cha mbuzi kiondoke machoni pake, nyonga iliyokunjwa vile chini ya goti inabanwa vibaya sana. Akae kwenye kiti ambacho pa kukalia ni juu kuliko goti, kama sentimita 50, chenye mikono ya kujisukumia. Aswali juu ya kiti. Chooni wekeni kiti cha plastiki kilichokatwa tundu juu ya lile la kuchuchumaa, na sakafu ikaushwe. Asitembee ila msalani, na mtu pembeni. Fimbo aishike mkono wa upande MZIMA, watu wengi wanashika upande unaouma na mzigo wote unabaki nyongani. Urefu wake: akisimama na ndala, mkono umening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Kwenye ngazi za baraza mguu mzima unatangulia kupanda, mbovu unatangulia kushuka.

Mwantumu (22:08): 🎤 Ujumbe wa sauti 0:31

Zubeda (22:10): Kwa wasioweza kusikiliza: Bibi anasema mguu wake mmeutangaza mpaka Muscat, ni baridi tu, na kama mna pesa za kuchezea mkaezeke bati la jikoni.

Kibwana (22:31): Nimetoka kazini sasa. Shikamoo Mama. Bati tulishachangia mwaka jana, liko wapi? Na pesa ya hospitali isingekuwa ya kuulizana. Nazi za shamba la Pongwe zinauzwa kila msimu.

Hamza (22:33): Umeanza

Kibwana (22:33): Hesabu tu. Tangu Mzee afariki.

Hamza (22:35): Njoo uzipalilie wewe basi. Kumwajiri mwangushaji unakujua bei yake? Au Muscat minazi inajiangusha?

Kibwana (22:36): Sijasema umekula. Nimesema hesabu.

Hamza (22:37): Umeshasema.

Ujumbe huu umefutwa

Mwanaidi (22:40): Pongwe si leo. Naomba. Mimi natoa laki moja. Tatu? Kassim? Kibwana? Rashidi ameshanitumia. Andikeni kiasi mbele ya jina.

Kassim (22:58): Niko chini kidogo dada, mwisho wa mwezi.

JUMAMOSI

Mjomba Athumani (05:52): Nimesoma yote baada ya swala. Habari ya Pongwe mtaniuliza mimi, nikiwa hai. Mguu wa Rajabu ulikandwa ndani ya nyumba yetu, nami nilikuwa nimekaa pale pale, nikanyamaza. Mwantumu hakandwi. Atakwenda hospitali.

Saumu (05:58): Shikamoo Baba. Nimesikia.

Mwanaidi (06:01): Shikamoo Mjomba. Ahsante.

Kibwana (06:03): Shikamoo Mjomba. Nisamehewe.

Hamza (06:20): Shikamoo Mjomba. Namwambia mzee wa Pangani asije.

Mwanaidi (06:31): Sasa ni LEO kama alivyosema Saumu. Saumu, wakifika waseme nini? Mara ya kwanza alisema goti, wakashika goti.

Saumu (06:40): Aanze kwa kusema aliteleza, kisha kinena, kisha vile vipakti. Kwa mpangilio huo. Picha iwe ya fupanyonga zima, nyonga mbili zionekane pamoja ili walinganishe, na nyingine ya ubavuni ya upande unaouma. Avae dera, avue shanga na pini, waende na ile picha ya goti. Damu: picha kamili, ESR ya kuonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini, sukari, na kreatinini kwa ajili ya figo. ESR ikiwa juu sana na kuna homa za jioni au amekonda, wataangalia maambukizi, na kifua kikuu kinaingia hata nyongani.

Saumu (06:43): Jambo ambalo familia nyingi zinakosea: picha ikitoka safi wanafurahi wanarudi. Ufa mwembamba hauonekani siku zote kwenye eksirei, na mfupa uliokosa damu unaweza kuonekana mzima kwa miezi. Kama bado anaumia kinenani, ombeni rufaa ya MRI, kipimo kinachoona ndani ya mfupa kuliko eksirei; MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ipo. Barua ya rufaa isipoandikwa atarudishwa mapokezi, hasa kwa bima.

Rashidi (06:47): Bima ya Shangazi iko hai?

Zubeda (06:52): Kadi iko, ila sijui kama imelipiwa. Bibi alikuwa anampa baba hela.

Mwanaidi (06:53): Hamza?

Rashidi (07:05): Isipokuwa hai, yuko juu ya miaka 60, aende dirisha la wazee na barua ya mtendaji wa mtaa, maana msamaha unawahusu wasio na uwezo. Ofisi ya mtaa leo imefungwa, kwa hiyo mpigieni mwenyekiti nyumbani, na mbebe fedha taslimu za vipimo.

Saumu (07:08): Usafiri: si bodaboda, kupanua miguu ni kumtesa. Teksi, kiti cha mbele kirudishwe nyuma chote na kilalie kidogo. Awekewe kanga juu ya kiti ili ateleze vizuri, akae kwanza kwa makalio akiwa ametazama nje, kisha miguu yote miwili iingizwe kwa pamoja. Na asinywe chai nzito, anywe maji, pengine watamtaka kwa upasuaji.

Mwantumu (07:30): 🎤 Ujumbe wa sauti 0:22

Zubeda (07:32): Anasema kwa heshima ya kaka yake atakwenda. Lakini si leo. Leo alasiri kuna kisomo cha arubaini ya bi Mwanaharusi na mchele umesharowekwa. Jumatatu.

Mwanaidi (07:33): Mama hapana. Saumu amesema leo.

Saumu (07:36): Shangazi, nakuomba uende leo. Mchele utapikwa na wengine.

Tatu (07:40): Naupika mimi. Nipeni hilo sufuria tu.

Mwanaidi (07:41): Mjomba, mwambie dada yako. Neno lako tu analisikia.

Mwanaidi (07:58): Mjomba?

Zubeda (08:02): Babu ameshaenda shamba, simu ameiacha kwa mwalimu wa madrasa.

Mwanaidi (08:04): Hamza, teksi iwe mlangoni saa nne. Akikataa, utanipigia video aniambie mwenyewe usoni. Kadi ya bima je?

Hamza (08:27): Nimempata mtu wa Noah, anataka elfu kumi na tano kwenda na kurudi, akingoja ni zaidi. Nimlipe nani atarudisha?

Kibwana (08:29): Nitatuma, niambie namba.

Kassim (08:30): Namba ya nani, ya Hamza au ya Zubeda?

Mwanaidi (08:31): Zubeda. Na Zubeda, Panadol za asubuhi amekunywa?