Jaguar XK 5.0 au BMW 640i Gran Coupe, niko Nakuru: nikague nini kabla ya kulipa?

Mkazi_Section58:
Wadau, habari zenu. Natafuta gari la kifahari la safari ndefu, lililokwisha tumika humu nchini. Bajeti haizidi milioni 3.5. Safari zangu ni Nakuru–Kisumu kupitia Kericho, na mara mojamoja Eldoret. Nimebaki na mawili: Jaguar XK ya 2010, V8 ya lita 5.0 isiyo na supachaja, na BMW 640i Gran Coupe ya 2013. Kuna dalali pia ananisukumia 650i ya mwaka huohuo kwa bei ya chini kuliko 640i. Lipi lina uhai, na nikague nini?

Spana_Kondele:
Ndugu, bei ya hiyo 650i ndiyo onyo lenyewe. Injini yake ni N63 ya lita 4.4, na turbo zote mbili (feni zinazosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) zimepachikwa katikati ya V, mahali ambapo joto halina pa kutokea. Joto hilo hukausha sili za valvu, mipira ya maji na nyaya za karibu. Gari linaanza kula oili, na kubadilisha sili hizo ni kazi kubwa na ya ghali. Kuijua ni rahisi: injini ikishapata moto, iache ingurume bila kukanyagwa kwa dakika 15, kisha mtu akanyage mafuta nawe umesimama nyuma. Likitoka wingu la moshi wa bluu, mrudishie dalali ufunguo.

640i ni habari nyingine. Ina N55, silinda sita za mstari na turbo moja, 2,979 cc. Magonjwa yake yanajulikana na unaweza kuyawekea pesa mapema. Pampu ya maji ni ya umeme na hufa bila kuaga, mara nyingi baada ya kilomita 100,000. Ukiibadilisha, badilisha na thamostati (kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini) papo hapo. Kisha mulika tochi chini ya mahali filta ya oili inapokaa. Gaskiti ya hapo ikivuja, oili hudondokea mkanda, mkanda unateleza, unajisokota nyuma ya puli, na vipande vyake vinaweza kuingia kwenye sili ya mbele ya krenki (mhimili mkuu wa injini). Uharibifu wote huo unaanzia kwenye gaskiti ndogo. Ukikuta unyevu mweusi hapo, bei lazima ishuke.

XK ni gari zuri sana, lakini likague likiwa baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti kwanza. Injini za 5.0 za miaka ya mwanzo zina tatizo la tensheni za cheni ya taimingi (vifaa vinavyoikaza cheni inayoendesha valvu): pale pini inapoisukuma reli, reli huchimbika, cheni ikalegea. Ukisikia mlio wa chuma kugongana mbele ya injini sekunde za kwanza baada ya kuwasha, au mlio huo ukiendelea injini ikinguruma gari likiwa limesimama, usinunue kabla cheni na tensheni hazijabadilishwa. Pia mabomba ya maji ni ya plastiki na hupasuka kwa uzee. Usitazame kwa macho tu. Funga pampu ya presha kwenye tangi la maji, ipandishe hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko, subiri dakika 15. Sindano ikishuka, kuna mahali panavuja.

Na gari lolote kati ya haya, uliza kama thamostati ipo. Huku kwetu gari likichemka mara moja tu, fundi anaing'oa na kujaza maji ya mfereji. Injini hiyo haifiki tena joto lake, inakula petroli, na ndani ya njia za maji kutu inajijenga. Ukifungua kifuniko (injini ikiwa baridi!) ukaona maji ya rangi ya chai badala ya kuleti (kimiminika maalumu cha kupoza injini) ya rangi, umepata jibu.

Panda_Sachangwan:
Naunga mkono 640i, na nina sababu ya ziada. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo kama ya hiyo XK inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake hapa, maana hewa ni nyepesi. Turbo inalipia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Majaribio usiyafanyie mjini. Toka Salgaa upande Sachang'wan hadi Mau Summit, nyuma ya malori, mwendo wa polepole, AC ikiwa imewashwa. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari usome digrii halisi, maana kipimo cha dashibodi kinaweza kutulia katikati hata joto likipanda kidogo. Ukifika juu simama, acha injini ingurume dakika kumi, sikiliza feni.

Giaboksi ni za kampuni ya ZF kwenye yote mawili: gia sita kwenye XK, nane kwenye BMW. Usikubali maneno ya "oili ya maisha". ZF wenyewe wanapendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) ni ya plastiki na filta iko ndani yake, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Matuta yetu huipasua, basi gari lipandishwe juu uione kwa chini.

Matairi: XK yenye rimu za inchi 20 ina 285/30 nyuma. Kwa mashimo yetu rimu inapinda upesi. Ikiwa na za 19, afadhali sana. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. BMW haina tairi la akiba, beba kompresa.

Logibuku_Safi:
Kwa upande wa karatasi, fanya utafutaji wa gari kupitia NTSA (mamlaka ya usafiri) kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikilia. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye gari lenyewe. Jina la benki likionekana kama mmiliki mwenza, benki iondoe jina lake kwanza. Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake nawe unaukubali kwenye yako. Fomu za zamani zilizosainiwa bila kujazwa usizipokee.

Kilomita: gari lililotoka Uingereza, tafuta namba yake ya huko kwenye karatasi za uingizaji, kisha soma historia ya MOT (ukaguzi wa magari wa Uingereza) mtandaoni, ni bure. Hesabu huwa kwa maili. La Japani, angalia cheti cha usafirishaji. Kwa BMW, fundi mwenye ISTA (programu ya BMW ya kuchunguza gari) asome kilomita zilizohifadhiwa kwenye hitilafu za zamani. Hitilafu ikiwa na kilomita nyingi kuliko dashibodi, mita imerudishwa nyuma.

Mkazi_Section58:
Asanteni sana. Naelekea 640i. Swali moja: pampu ya umeme inaweza kubadilishwa hapa Nakuru, au ni lazima Nairobi?

Spana_Kondele:
Inawezekana kabisa, mradi fundi ajue kutoa hewa. Wengi hukosea hapo, wanajaza kama gari la kawaida. Changanya kuleti ya BMW na maji yaliyotoneshwa nusu kwa nusu, jaza tangi. Funga chaja kwenye betri, maana kazi hii inakula umeme. Washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la juu kabisa na feni kwenye kasi ya chini. Kanyaga akseleta hadi mwisho kwa sekunde 10, achia. Utasikia pampu ikivuma. Inazunguka yenyewe kwa dakika 12 hivi. Ikinyamaza, ongeza mchanganyiko huo hadi alama ya juu. Ikiwa umeshuka sana, rudia.