RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka: kipi kibadilishwe kwanza?

Kibodi_Nyeusi

Wakuu habari. Nina kompyuta ya mezani: prosesa Core i5-7400, ubao mama wa chipseti H110 wenye sloti mbili za RAM, kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda) cha DDR4-2400 cha GB 8 (DDR4 ni kizazi, 2400 ni kasi), diski ngumu ya TB 1, haina kadi ya grafiki. Kazi ni kivinjari chenye vichupo kama ishirini, majedwali makubwa ya hesabu na kuhariri picha. Inachukua dakika kadhaa kuwaka, na nikihama programu inaganda. Nimepata kijiti cha GB 16 cha DDR4-3200, na kingine cha GB 16 cha bei ya chini sana kimeandikwa "ECC Registered". Nichukue kipi, na naweza kukichanganya na cha zamani?

Fundi_Sakiti

Hicho cha Registered achana nacho kabisa mkuu. Ni RAM ya seva. Kinaingia vizuri kwenye sloti kwa sababu kina pini 288 na pengo mahali palepale kama RAM ya nyumbani, ndiyo maana wengi wanaingia mkenge. Ndani yake kuna chipu ya rejista inayosimama kati ya kumbukumbu na prosesa, na i5 haiwezi kufanya kazi nayo. Utaona feni zinazunguka, skrini nyeusi, na hakuna mpangilio wa BIOS (programu ya ubao mama inayoanzisha mashine) wa kukusaidia.

Soma lebo. Ikiandikwa mfano PC4-2400T-UA2, herufi U baada ya kistari cha pili ni RAM ya kompyuta ya mezani. R ni ya seva, S ni ya kompyuta mpakato.

Cha 3200 kitafanya kazi, ila hapo kitashuka hadi 2400 kwa kuwa ndiyo kasi ya juu ya RAM ya DDR4 kwa i5-7400. Si hasara kama bei ni ileile.

Lakini usinunue kabla ya kupima. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Performance", utuletee namba za kumbukumbu na diski: mara moja ikiwa imewaka tu, mara nyingine kazi zote zikiwa wazi.

Kibodi_Nyeusi

Nimepima. Baada ya kuwaka, sijafungua kitu: RAM inayotumika GB 3.1, diski iko 100% kwa dakika nne hivi, na kasi yake haizidi MB 3 kwa sekunde. Kazi zote zikiwa wazi, "Committed" (kumbukumbu yote ambayo programu zimeahidiwa) ni GB 11.6.

Pini288

Una matatizo mawili, na RAM ni la pili.

Wakati wa kuwaka umetumia GB 3.1 kati ya 8, kwa hiyo kumbukumbu haina kosa hapo. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika hutumia milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja. Kwa wastani inasubiri nusu ya hapo, halafu ongeza muda wa kichwa kusogea. Unabaki na usomaji kama 80 hivi kwa sekunde wa vipande vilivyotawanyika, na Windows ikiwaka husoma maelfu ya vipande vya namna hiyo. Ndiyo maana unaona 100% huku kasi ni MB 3. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, hufanya makumi ya maelfu kwa sekunde. Anza nayo.

Chukua SSD ya inchi 2.5 ya SATA, inayounganishwa kwa waya. NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi) ya bei kubwa hapo ni kupoteza: hata kama ubao una sloti yake ya M.2, njia za data za H110 ni za kizazi cha zamani, PCIe 2.0. Hakikisha una waya wa data wa SATA na plagi ya umeme iliyo wazi. Weka Windows upya kwenye SSD, na diski ya zamani uichomoe wakati wa kuweka, la sivyo faili za kuwashia zinaweza kubaki huko na siku ukiitoa mashine haiwaki.

Sasa RAM. GB 11.6 imezidi 8, hivyo ziada inasukumwa diskini. Hapo ndipo inapoganda. Ningeongeza kijiti cha GB 8 cha 2400, sio cha 16. Grafiki yako ya ndani inakula kwenye RAM hiyohiyo: kijiti kimoja hupitisha GB 19.2 kwa sekunde, viwili vinavyolingana 38.4. Ukiweka 8 na 16, GB 16 za kwanza zinakwenda kwa njia mbili na 8 zilizobaki kwa njia moja. Inafanya kazi, ila kwa matumizi yako GB 16 zinatosha.

Jambo jingine: i5-7400 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Usitumbukize pesa nyingi. SSD utahama nayo ukinunua mashine nyingine. RAM yako ya DDR4 haiingii kwenye ubao wa DDR5, kizazi kinachofuata.

Fundi_Sakiti

Nakubaliana na Pini288. Siku ya kuchomeka RAM: zima huku umeshika Shift ili izimike kabisa, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi, kisha gusa chuma cha kasha. Pengo la kijiti haliko katikati, kwa hiyo kinaingia upande mmoja tu. Sukuma ncha zote mbili hadi kibanio kilie. Inahitaji nguvu kuliko unavyodhani, na kijiti kilichoingia nusu ndicho chanzo cha kawaida cha skrini nyeusi.

Mara ya kwanza inaweza kujizima na kuwaka yenyewe. Subiri dakika mbili. Ikigoma, jaribu kijiti kimoja kimoja katika kila sloti. Pini zikiwa na weusi, zisugue taratibu kwa raba ya penseli. Ikiwaka, hakikisha unaona GB 16 na kasi ya 2400, halafu endesha MemTest86 (programu ya kupima RAM) kutoka kwenye flashi, raundi zote nne. Kosa hata moja halikubaliki: RAM mbovu huharibu picha unazohifadhi bila kukupa onyo lolote.

Kibodi_Nyeusi

Asanteni sana wakuu. Nikifika GB 16, nizime pagefile.sys (faili la diskini ambako Windows husukuma ziada ya RAM) ili SSD isichakae?

Pini288

Hapana. Ukiizima, programu zikiomba kumbukumbu kuliko iliyopo zinafungwa ghafla na kazi ambayo hukuhifadhi inapotea. Iache kwenye SSD, ukubwa wake Windows ipange yenyewe.