Kerneli (kiini cha Linux) inakata mstari wa amri kwenye baiti 4096 halafu inauchuna kama haijafanya kitu!

Wakuu, salaam. Sijalala, kwa hiyo mnivumilie lugha.

Jana saa 5 usiku tulipandisha toleo jipya la mfumo wetu wa malipo, programu ya Java. Skripti ya kuzima tumeitumia miaka: inapiga `ps ax` (orodha ya prosesi zinazotembea), inachuja kwa `grep` jina la klasi kuu (pale programu inapoanzia), inachukua PID (namba ya prosesi), inaua. Jana ikajibu kwamba hakuna prosesi ya kuzima. Mimi mjinga nikaamini. Nikawasha toleo jipya, likagoma: poti (namba ya mlango wake wa mtandao) imeshikwa. Na nani sasa, kama hakuna kitu kinachotembea?

Saa 7 usiku nikaanza kusoma `ps` kwa macho yangu. Java ipo, PID 8841, imekaa raha mstarehe. Mstari wake ni mrefu kama treni ya mizigo, jar (faili za maktaba za Java) baada ya jar, halafu unaishia `/opt/malipo/lib/jackso`. Basi. Hakuna hata herufi n. Nikapiga `cat /proc/8841/cmdline | wc -c`, yaani nihesabu baiti za mstari wa amri ambao kerneli inampa `ps`, jibu likaja 4096 kamili, na hapo ndipo nilipotukana kwa sauti.

Kwa wasiofahamu: `/proc` si faili za kwenye diski. Ukisoma, kerneli inakutengenezea jibu papo hapo. Kwenye kerneli za zamani, jibu la `cmdline` lilikuwa linatengenezwa ndani ya ukurasa mmoja tu wa kumbukumbu, yaani baiti 4096 kwenye mashine zetu hizi za x86. Kikomo hicho kiliondolewa kwenye Linux 4.2, mwaka 2015. Seva yetu ni 3.10. Ndiyo, najua, msianze. Kwenye amri ya Java klasi kuu inakaa baada ya orodha ya jar zote, na toleo la wiki iliyopita lilikuja na maktaba kibao, zikaisukuma klasi ng'ambo ya mpaka. Skripti haikuharibika, jina ndilo lililokatwa.

Kikomo chenyewe sina ugomvi nacho. Kila kitu kina ukubwa wake. Ugomvi wangu ni kukatwa KIMYA KIMYA. Hakuna kosa lililorudishwa wala alama mwishoni. Ukipiga `ls -l` faili za `/proc` zinakuonyesha 0. Ukienda `/sys`, ndugu yake `/proc`, karibu kila faili inadai ni 4096 hata kama ndani kuna tarakimu moja. Utajuaje kama umepewa yote?

Na msiniambie kerneli haikujua! Fungua `/proc/8841/stat`: namba ya 48 ni anwani ambapo hoja za amri zinaanzia, ya 49 ni zinapoishia. Nikatoa moja kwa nyingine nikapata 6212. Nikasoma `/proc/8841/mem` kuanzia hapo nikiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), mstari wote ukatoka, klasi kuu ikiwamo. Baiti 2116 zilikuwepo muda wote.

Kwamba inawezekana kufanya vizuri, angalia `uid_map`, faili nyingine ya `/proc`, ya kuoanisha namba za watumiaji. Hadi 4.14 ilikubali mistari 5 tu, toka 4.15 ni 340. Ukizidisha inakupiga EINVAL (kosa la "thamani batili") usoni. Inauma, ila unajua umekosea wapi.

Mfano mwingine, `comm`, jina fupi la prosesi ndani ya `/proc`. Herufi 15, basi. Tuna programu inaitwa `kisafisha-kumbukumbu`, kwa kerneli ni `kisafisha-kumbu`. Ukipiga `pgrep` (inatafuta prosesi kwa jina) na jina zima hupati kitu. Angalau `pgrep` za siku hizi zinakuonya ukizidisha 15. Ya kwetu haisemi neno, lazima ukumbuke `-f`. Na `-f` inasoma `cmdline`, kwa hiyo tumerudi palepale.

Kwa dharura nimeweka `-Dmfumo=malipo` mwanzoni kabisa, kabla ya orodha ya jar, skripti inatafuta hiyo. Watu wa systemd na faili za PID (njia nyingine za kufuatilia prosesi) nawaona mnakuja, karibuni, ila seva hii niliirithi na bosi hataki iguswe kabla ya kufunga mwezi.

Nina seva nyingine 2 za 3.10, na mstari wa mojawapo nimepima sasa hivi: 3980.