Mtoto wa dada yangu anaonea wenzake shuleni ila nyumbani ni mpole, tatizo liko wapi?

MamaMdogo_Igoma
Habari za jioni wakuu, naombeni mawazo. Niko Igoma hapa Mwanza, nakaa na mtoto wa dada yangu yuko darasa la tano, wazazi wake wako Ukerewe kwenye uvuvi wakamleta kwangu asome. Juzi nimeitwa shule naambiwa dogo ananyang'anya wenzake hela ya mandazi, halafu kuna mtoto ana kigugumizi basi anamuigiza mbele ya darasa zima mpaka yule mtoto amegoma kwenda shule. Nimeishiwa nguvu jamani, maana kwangu huyu huyu ndo anambeba mwanangu wa miezi saba na kumbembeleza mpaka analala. Baba yake nimempigia anasema Alhamisi anakuja kumnyoosha, na anavyopiga namjua, hata dada yangu anapigwa watoto wakiona. Je huyu mtoto ana huruma au hana?

MzeeWaMwaloni
Pole mama. Mimi nasema achapwe. Watoto wa siku hizi mnawadekeza, sisi tulichapwa na tukanyooka, leo tunaheshimu watu.

Mwl_Ilemela
Shikamoo mzee wangu, ila hapo sikuungi mkono. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulionyesha karibu robo tatu ya Watanzania, wa kike na wa kiume, wamefanyiwa ukatili wa mwili kabla ya miaka 18. Kama kipigo kingekuwa kinafundisha huruma si shule zetu zingekuwa zimetulia? Mtoto anaiga anachokiona, mwanasaikolojia Bandura alilionyesha hilo Marekani mwaka 1961, watoto waliomwona mtu mzima akilipiga doli wakaenda kulipiga vile vile. Sasa huyu kila siku alikuwa anaona mwenye nguvu ndo anapata anachotaka, na akiletewa fimbo shuleni kesho ataona ni kweli ndivyo ilivyo.

Mama mdogo, swali lako la huruma ni zuri sana. Kuna kujua mwenzako anaumia na kuna kuumia naye, na hivi ni vitu viwili. Dogo anajua vizuri sana kigugumizi kinamuuma wapi yule mwenzake, ndo maana amepachagua hapo hapo. Kinachokosekana ni hicho cha pili, lakini kwa mtoto wako mchanga anacho, kwa hiyo hakijafa. Huko Toronto mwalimu mmoja anaitwa Mary Gordon alianzisha mpango mwaka 1996 wa kumpeleka mtoto mchanga na mzazi wake darasani, wanafunzi wanamwangalia akilia wanaulizana anataka nini, anajisikiaje. Wewe darasa hilo unalo sebuleni, akimbembeleza muulize, unadhani analilia nini? Halafu taratibu umfikishe kwa yule wa kigugumizi.

Dada_Buhongwa
Mnaongelea muonevu tu, yule aliyegoma shule je?? Mwanangu alipitia haya na hakuna mzazi hata mmoja aliyekuja kwangu kusema pole, iliniuma kuliko chochote. Mama mdogo nenda na dogo mpaka kwao, aombe radhi mwenyewe mama yake akisikia, na hela za mandazi zirudi. Na wale waliokuwa wanacheka je, maana bila wao angemuigizia nani?

Mwl_Ilemela
@Dada_Buhongwa hapo kwa wanaocheka umegonga penyewe. Kule Finland Chuo Kikuu cha Turku wana programu ya kuzuia uonevu shuleni inaitwa KiVa, nguvu yao kubwa wanaipeleka kwa hao watazamaji. Mimi darasani kwangu nilianza na hao.

MamaMdogo_Igoma
Asanteni sana. Jana nimekaa naye usiku tukiosha vyombo akanifungukia, kumbe mwaka jana alipokuja walikuwa wanamcheka lafudhi yake ya kisiwani, wanamuita mvuvi, na anasema tangu aanze kumuigiza yule mwenzake hakuna anayemcheka tena. Nikamuuliza ulijisikiaje ulipochekwa, akanyamaza muda mrefu halafu akalia. Jumamosi tunaenda kwao yule mtoto. Ila Alhamisi baba yake ndo anashuka na meli ya Nansio na mimi shemeji yangu namuogopa.

Mwl_Ilemela
Ukiona anavuka mipaka piga 116, ni ya watoto na haikatwi hela, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Hata kwa dada yako dawati hilo linahusika.

MzeeWaMwaloni
Marahaba mwalimu. Kwenye fimbo sijabadilika, lakini kumpiga mama watoto wanaona, hiyo hapana. Mama, usiongee na shemeji yako kwa simu. Mpe chakula kwanza, mtoto umpeleke kwa jirani, umwambie hiyo habari ya kuitwa mvuvi kabla hujamwambia lingine lolote. Mvuvi mwenzangu huyo, hapo atasikia. Ukiona mzito njoo inbox nikupe namba, nipo Kirumba, nitakuja tuongee naye wanaume.