Fedha za mafunzo za presbiteri: kozi fupi, Limuru, Bossey au semina ya hapa hapa?

Katibu_Msaidizi

Bwana asifiwe wapendwa. Presbiteri yetu ya PCEA (Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki) ina parishi 14, na kamati ya fedha imetenga kifungu kimoja tu cha mafunzo ya viongozi kwa mwaka ujao. Inataka ulinganisho wa maandishi kabla ya kikao. Mezani kuna njia nne:

1. Kozi fupi ya utawala na fedha za kanisa, kama zile za CORAT Africa pale Karen, Nairobi.
2. Kumlipia mtu mmoja masomo Chuo Kikuu cha St Paul's, Limuru.
3. Kumwombea mchungaji mmoja nafasi na ufadhili katika chuo cha Bossey, Uswisi.
4. Semina ya siku mbili tuiandae wenyewe, kila parishi ilete katibu wa Kirk Session (baraza la wazee wa parishi), mhazini na mzee mmoja.

Mnaozijua njia hizi, semeni gharama zilizojificha na mahali mambo hukwama. Mahubiri tutayapata Jumapili.

Mzee_wa_Kumbukumbu

Kabla ya kulinganisha kozi, hesabuni miezi waliyobakiza wenye nyadhifa. Baraza Kuu la PCEA hukaa kila baada ya miaka 3. Lilikaa 2021 na 2024, kwa hiyo linalofuata ni la 2027, na kabla ya hapo kuna chaguzi za ngazi za chini na uhamisho wa wachungaji. Kozi ya wiki mbili ina faida hata kwa mhazini aliyebakiza mwaka mmoja na nusu. Masomo ya miaka miwili kwa katibu anayeondoka ofisini baada ya miezi minane ni zawadi kwa mtu binafsi. Zawadi si dhambi, ila muhtasari useme hivyo.

La pili, msiweke fedha zikisubiri mialiko ya nje. Mkutano Mkuu wa Ushirika wa Makanisa ya Reformed Duniani ulikuwa Chiang Mai, Thailand, Oktoba 2025, na mlango huo haufunguki tena kwa miaka kadhaa. Mkutano Mkuu wa 227 wa Presbyterian ya Marekani ni wa Milwaukee, 2026, lakini wajumbe wageni hutumwa na kanisa mshirika kupitia ofisi yake kuu. Presbiteri haijiteui. Mwenye mwaliko mkononi aupeleke kwa Katibu Mkuu kwanza, tiketi baadaye.

Mhazini_Parishi

Mimi napiga kura ya namba 4, na sababu ni mshahara wa mlinzi, mtunza bustani na karani wa ofisi. Faili nyingi za kompyuta zinazotumika parishini zilitengenezwa 2023 na hakuna aliyezigusa tangu hapo. Makosa ni yale yale:

Bado zinakata NHIF, bima ya zamani ya afya ya taifa, kwa jedwali la zamani. Tangu Oktoba 2024 ni SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, bila kikomo cha juu, na mwajiri haongezi chochote. Ada ya serikali ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kwa mwajiri. Parishi nyingi hukata upande wa mfanyakazi na kusahau wao. Anayelipwa ghafi Sh 40,000 anakatwa SHIF Sh 1,100 na nyumba Sh 600, kisha parishi inatoa Sh 600 zake. Posho ya fedha inayolipwa kila mwezi huhesabiwa ndani ya ghafi. Wengi hukokotoa kwa mshahara wa msingi peke yake na deni linakua kimya kimya.

Halafu kuna nafuu ya kodi ya asilimia 15 kwa SHIF na nyumba. Ilifutwa mwishoni mwa Desemba 2024. Sasa makato hayo mawili hutolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara). Faili ya zamani inatoa jibu lenye sura nzuri lakini la uongo. Viwango vya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) navyo vinapanda kila Februari kwa ratiba ya sheria ya 2013, basi jedwali libadilishwe Februari na siyo Januari. Yote haya hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Kozi ya Karen itamfundisha mhazini wa presbiteri kuandaa bajeti na kusoma ripoti ya mkaguzi, na hilo ni jema. Makosa haya lakini yako parishini, kwa watu 14 tofauti. Huwezi kuwapeleka wote Karen.

Mch_Mwanafunzi

Kuhusu Bossey, maana watu wengi huisema kama vile ni semina. Ni chuo cha Baraza la Makanisa Ulimwenguni, kilichoanzishwa 1946 karibu na Geneva, na vyeti vyake vya kitaaluma hutolewa pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva. Somo lake ni ekumene: historia ya mafarakano ya makanisa, teolojia ya umoja, mahusiano na dini nyingine. Anayetafuta namna ya kuendesha kikao cha presbiteri au kufunga hesabu hatayakuta huko. Afaaye ni mchungaji kijana anayeelekea kufundisha, au yule atakayeshughulikia uhusiano wa kanisa na makanisa mengine.

Hukwama mahali patatu. Kwanza barua ya kanisa. Ya presbiteri ni hatua ya ndani, inayopaswa kwenda nje ni ya ofisi kuu, na ofisi hiyo ina foleni yake. Pili, viza. Kukaa zaidi ya siku 90 kunahitaji viza ya kitaifa, aina ya D, na ombi hupelekwa hadi kwenye mamlaka za jimbo kule Uswisi. Tengeni miezi mitatu. Kwa mkutano mfupi ni viza ya Schengen: euro 90, ombi lisiwasilishwe mapema kuliko miezi 6 wala chini ya siku 15 kabla ya safari, na bima ya angalau euro 30,000. Tatu, na hili presbiteri husahau kabisa, ni nani atakayehudumu parishini kwake? Ufadhili hugharimia mwanafunzi. Mchungaji wa kushikilia, nauli zake kati ya makanisa, na familia iliyobaki manse (nyumba ya mchungaji) ni mzigo wenu. Wekeni hesabu hiyo mezani kabla ya kusema "ni bure".

Mama_Guild

Shikamooni wazee. Naona namba 2 na 3 zinamlenga mchungaji, kama kawaida yetu. Huyo huhamishwa, na ujuzi unaondoka naye. Wazee, mashemasi na viongozi wa Woman's Guild (chama cha wanawake wa kanisa) ndio hubaki pale pale. Katika namba 4 mzee mmoja kwa parishi hatoshi. Andikeni "mzee mmoja na kiongozi mmoja wa Guild au wa vijana", la sivyo chumba kitajaa wanaume wa umri mmoja.

Na msisahau habari za watoto. Sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti, na taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi. Picha za Church School zinazorushwa Facebook kila Jumapili, pamoja na orodha ya watoa fungu la kumi kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na majina na kiasi, ni mambo ya kufundishwa mchana kweupe.

Mzee_wa_Kumbukumbu

Asante Mama, umenikumbusha. Taasisi yenye mapato ya chini ya Sh milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 imesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data. Masharti hayo mawili huenda pamoja. Ila parishi yenye shule isijifiche humo, kwa sababu uendeshaji wa shule husajiliwa bila kujali ukubwa. Cheti hudumu miaka miwili. Na msamaha wa kujisajili haufuti wajibu wa kulinda: taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72.

Limuru_Jioni

St Paul's msiiweke kundi moja na Bossey. Ilianza Frere Town, Mombasa, 1903, ikahamia Limuru 1930, na Wapresbiteri pamoja na Wamethodisti wakaingia 1955. Ina hati yake ya chuo kikuu tangu 2007. Kwa hiyo shahada inatambulika bila kupeleka vyeti kulinganishwa, kazi ambayo anayesoma nje hukutana nayo akirudi.

Kikwazo ni sifa za kuingia. Digrii huanzia C+ ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari). Katibu mzoefu wa miaka 20 mwenye D+ atarudishwa mlangoni, basi ulizeni matokeo kabla ya kumtangaza madhabahuni. Na msilipe karo ya mwaka mzima mkupuo. Lipeni kwa muhula, malipo ya muhula unaofuata yatoke baada ya kuona matokeo ya uliopita.

Msafiri_wa_Dar

Ongezeni namba 5: Huye, Rwanda. Chuo Kikuu cha Kiprotestanti cha Rwanda (zamani PIASS) kilianza 1970 kama shule ya teolojia ya makanisa ya Kiprotestanti, Presbyterian ya Rwanda ikiwamo, na kina masomo ya amani na usuluhishi wa migogoro. Kwa mwenyekiti wa presbiteri anayezima moto wa mashamba ya kanisa na parishi zinazotaka kugawanyika, naona kinamfaa kuliko Geneva.

Mkenya anaingia Rwanda na Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Sisi wa upande wa Tanzania tunahitaji pasipoti, na Wakenya wanaokuja kwetu hawapiti kwa kitambulisho. Kadi ya homa ya manjano nayo: chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanja usiku wa kuamkia safari ni kujidanganya. Ukichanja mara moja, inadumu maisha.

Katibu_Msaidizi

Asanteni sana. Nimeanza kukadiria namba 4. Parishi 14 mara watu 4, kwa kufuata maneno ya Mama_Guild, ni 56, na wawezeshaji 2. Chakula na chai kwa 58, siku mbili, Sh 900 kwa siku: Sh 104,400. Vitini kurasa 60 kwa washiriki 56, Sh 5 kwa ukurasa: Sh 16,800. Ukumbi ni wa parishi mojawapo, bure. Nauli kila parishi ijilipie. Hapo fungu linabaki la kumpeleka mhazini na katibu wa presbiteri Karen, watangulie wao ili wawe ndio wawezeshaji. Bossey na Huye nitaandika kama maombi ya ufadhili yasiyogusa kifungu hiki. Siku ya pili nzima itumike kwa mambo gani?

Mzee_wa_Kumbukumbu

Muhtasari wa vikao. Asubuhi nzima, kila katibu aje na kitabu chake. Mtaona kurasa zilizobandikwa zisizo na namba, vikao vilivyothibitishwa bila sahihi ya mwenyekiti, na maazimio ya namna hii: "Ilikubaliwa atafutwe fundi." Mwaka mmoja baadaye hakuna ajuaye fundi yupi, kwa bei gani. Wape waliandike upya: "Azimio 7: Mhazini amlipe fundi wa paa Sh 86,000 kutoka akaunti ya ujenzi, nusu akianza, nusu baada ya mzee wa majengo kuthibitisha kazi kwa maandishi. Taarifa iletwe kikao cha Machi." Mchana mwachieni Mhazini_Parishi na kompyuta zao. Waje na faili ya mishahara ya mwezi uliopita, majina yakiwa yamefutwa.

Mhazini_Parishi

Na chaja. Ukumbi wa parishi huwa na soketi mbili, moja imeshikwa na kinanda.