Ankara yetu imerudishwa: je, chuo kina haki ya kukagua hadi nauli ya kijijini?

Mhasibu, Mtwara
Ndugu zangu, habari za kazi. Nashika hesabu za taasisi ndogo hapa Mtwara. Serikali ya Marekani ilitoa ruzuku ya utafiti kwa chuo kikuu cha hukohuko, nacho kikatugawia sehemu yake kwa mkataba ili tukusanye takwimu kwa wakulima wa korosho wa Newala na Tandahimba. Ankara yetu ya robo mwaka imerudishwa kwa sababu nauli za bodaboda hazina risiti za mashine, na wadodosaji hadi leo wanadai posho zao. Je, chuo kina mamlaka hayo, au hakituamini tu?

Mkaguzi wa ndani, Lindi
Pole sana, dada. Mamlaka kinayo. Kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani, kifungu cha 200.332, zinakitaka chuo kinachogawa fedha kipime hatari ya kila mbia, yaani taasisi iliyogawiwa fedha kama yenu, kisome taarifa zake za fedha na za kazi, na kifuatilie kasoro hadi zirekebishwe. Matumizi yenu yakikataliwa, chuo ndicho kitakachodaiwa na mfadhili.

Lakini hapa ndipo ningesimama kidete: kanuni hizohizo zinataka gharama iwe na ushahidi wa kutosha, wala hazisemi kwamba ushahidi huo lazima utoke kwenye mashine. Dukani daini risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Kwa bodaboda tengenezeni fomu yenye tarehe, safari, kiasi na saini ya dereva, igongwe muhuri wa mtendaji wa kijiji. Chuo kiikubali kwa maandishi kabla hamjatoka kwenda vijijini, kwa maana fomu inayobuniwa baada ya safari haimshawishi mkaguzi yeyote, hata mimi.

Mtafiti, Masasi
Naunga mkono, ila usimamizi usiishie kwenye karatasi za nauli. Katika mradi mmoja niliowahi kushiriki, ankara zililipwa mwaka mzima bila mtafiti mkuu kuuliza ni madodoso mangapi yamejazwa, na tulipofika mwisho tukakuta vijiji viwili havikufikiwa kabisa. Iliniuma, kwa kuwa wakulima walikuwa wametusubiri. Mwombeni mtafiti mkuu alinganishe kazi na ankara kila robo, kisha ndipo aidhinishe malipo.

Angalieni pia gharama za uendeshaji, yaani zile za kuendesha ofisi zisizohesabiwa moja kwa moja kwenye mradi. Tangu Oktoba 2024, mbia asiye na kiwango cha gharama hizo alichokubaliana na serikali ya Marekani anaweza kudai hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazohesabika, badala ya 10 ya zamani, ingawa baadhi ya wafadhili wana ukomo mdogo zaidi kwa taasisi za nje. Fedha hiyo ndiyo inayomlipa mhasibu kama wewe.

Mhasibu, Mtwara
Ahsanteni sana. Bajeti yetu haina hata shilingi ya uendeshaji, na sikujua kama tungeweza kuiomba. Fomu naiandaa leo, na kesho nitakiandikia chuo kuhusu mambo yote mawili, nikianza na posho za wadodosaji.