Mimi ni Mbili au Tisa? Nisaidieni, nimechanganyikiwa

mwana_tudor
Asalam aleikum wenzangu, nina swali lanikera wiki ya tatu hii. Nimefanya testi ya enneagramu, ile inayogawa tabia za watu taipu tisa kwa namba, mara tatu kwa simu, mara mbili nikatoka Tisa, yule mpenda amani, nikarudia usiku nyumba imetulia nikatoka Mbili, yule msaidizi. Nikisoma ya Mbili najiona, nikisoma ya Tisa najiona vilevile, sasa nishike lipi?

Juzi tulikuwa na harusi ya mkoi wangu Majengo. Siku tatu mimi ni jikoni tu, kumenya vitunguu, kukosha masufuria, mtoto wa huyu kiunoni wa yule anivuta buibui. Shangazi zangu wawili wakakorofishana juu ya hesabu ya hema na viti, hawasemezani, basi mimi ndo nikawa posta, nalichukua neno la huyu nalilainisha njiani nampelekea yule, mpaka wakakaa mkeka mmoja. Kila mtu ah huyu mtoto ni mtu wa watu. Nikarudi nyumbani nikalala mpaka magharibi, nikaamka kuna kitu kimenikaa hapa kifuani sijui ni hasira sijui ni uchovu.

Mwanisamehe kwa maneno mengi lakini hili kwangu si mchezo wa simu. Nina miaka 31, kazini nimeambiwa nichague nibaki hapa au nihamie tawi la Malindi, naulizwa wewe mwenyewe wataka wapi na sina jibu wallahi. Nataka nijue huu wema wangu ni wema kweli ama ni uoga.

shangazi_kibokoni
Waaleikum salaam mwanangu. Mimi ni Mbili, tena Mbili wa kupindukia, na nimejijua ukubwani nimeshapata wajukuu.

Nikupe kisa kimoja. Jirani yangu alijifungua, nikawa nampelekea uji wa pilipili manga kila asubuhi mpaka arubaini yake ikaisha, na hakuna aliyeniomba, mama yake yupo na dada zake wapo. Siku ya akika nikafika nikakuta wageni wamejaa, nikakalishwa kule nyuma mlangoni, sikutajwa hata kwa jina. Nilirudi nyumbani nikalia kama mtoto. Sikuwa nimetumwa na mtu nipeleke uji ule, lakini daftari nilikuwa nalo moyoni, kila bakuli nimeliandika.

Basi wewe jitazame siku zile za harusi. Uliona mwenyewe bibi fulani amekaa vibaya ukaenda kumtafutia mto, au uliitwa ebu njoo shika hiki nawe ukashika? Sisi kina Mbili macho yetu yako kwa watu, najua wataka chai kabla hujajua wewe, na nafurahi mno ukiniambia umejuaje. Usiponiambia ndo balaa. Walimu wa enneagramu wasema Mbili akibanwa hugeuka Nane, yule mbabe, na ni kweli, kuna siku niliwapigia wanangu kelele mpaka watu wakatoka vibarazani, na neno langu lilikuwa hilo moja tu, baada ya yote niliyowafanyia. Ugonjwa wetu ni kiburi mwanangu, ingawa mtu hawezi kukiona maana kimevaa kanga ya upole, ile kujiona wote hawa wanihitaji mimi na mimi simhitaji mtu.

Sasa wewe hicho cha kifuani, ni kwa kuwa hukushukuriwa? Jibu hilo kwanza.

feri_ya_saa_kumi
Dadangu mimi nashika pale uliposema umeulizwa wataka wapi ukakosa jibu. Mbili ajua anachotaka, ila aona haya kukiomba, atakuzungusha weee mpaka umpe mwenyewe. Tisa ukimuuliza aingia ndani kutafuta na akuta pako kimya. Mimi ni Tisa, nayajua haya.

Mke wangu miaka minane yuwaniuliza tupike nini, nami najibu chochote. Nilidhani huko ndo kumrahisishia. Siku moja akaweka mwiko chini akanambia, chochote si chakula, wewe waniachia mimi niamue kila kitu halafu waonekana mpole. Iliniuma maana ilikuwa kweli.

Na hasira. Tisa yumo kundi moja na Nane na Moja, yule mpenda usahihi, kundi la hasira, ila Nane huitoa hapohapo, Moja huuma meno, Tisa huilaza usingizi mpaka mwenyewe asahau kama anayo. Lakini haipotei, hutokea ubavuni. Jamaa yangu aliniomba nivuke Likoni saa kumi nimsaidie kuhamisha kabati, nikasema naja. Nikafika upande wa kisiwani nikakaa, feri ya kwanza yaondoka nayatazama maji, ya pili yaondoka, ya tatu, simu yalia siishiki. Sikuwa na shughuli yoyote. Mdomo ulisema naja na mwili ulikuwa umeshasema siendi. Mbili angevuka na angefika kabla ya wakati na maji ya kunywa amebeba.

Kuhusu zile shangazi, jiulize ulipokuwa posta ulitaka wakupende wewe zaidi, ama ulitaka tu zile kelele ziishe upate kupumua? Kwangu mimi hapo ndo njia zinapoachana. Tena Tisa akizidiwa huenda kwa Sita, yule mtu wa hofu, huanza wasiwasi wa kila kitu, kama wewe wiki tatu hulali kwa ajili ya testi.

saiko_mwaka_wa_tatu
Hamjambo, nasoma saikolojia. Naona umuhimu wa kusema mbona testi yakuzungusha. Maswali mengi yauliza wafanya nini, na Mbili na Tisa wafanya kitu kimoja, wote wasaidia, wote hawagombi. Hii taipu imejengwa juu ya kwa nini, na simu haiwezi kuona kwa nini yako ikiwa wewe mwenyewe hujaiona.

Halafu tuijue asili yake. Ennea ni tisa kwa Kigiriki. Taipu hizi kama zilivyo leo zatokana na Oscar Ichazo wa Bolivia, alikuwa akifundisha Arica huko Chile, na daktari wa akili wa Chile Claudio Naranjo akazipeleka California mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hazikutoka maabara, zilitoka kwa watu kujichunguza, na watafiti mpaka leo hawajakubaliana nazo. Wao hupenda zaidi vile vipimo vitano, uwazi kwa mambo mapya, bidii na mpangilio, uchangamfu, upole kwa watu, na wepesi wa kushikwa na wasiwasi. Hapo hutiwi kwenye boksi, wapewa kiwango, na watu wengi huangukia katikati. Mtu kama wewe angetoka juu kwenye upole, awe Mbili awe Tisa.

La mwisho na naomba usilipuuze. Huku kwetu mtoto wa kike tangu mdogo akiingia mgeni yeye ndo huinuka kuleta maji. Hayo ni malezi. Jikoni ya harusi kila mwanamke ataonekana Mbili. Ukitaka kujijua tazama kile ambacho hukufunzwa na mtu.

shangazi_kibokoni
Huyu kijana amesema kweli kabisa, hata mimi sikuwahi kuliwaza hilo la maji.

mwana_tudor
Nimesoma yote mara mbili mbili, ahsanteni sana. Shangazi, kushukuriwa sikukufikiria hata kidogo, nimejipekua nikakuta daftari sina. Nilichotaka ni zile kelele ziishe. Na kakangu wa feri, ile ya kukaa nikitazama maji ni mimi, nina mtu nimemwambia naja tangu Ramadhani.

Ya Malindi nimeomba wiki moja, na sijamuuliza mtu yeyote nifanye nini.

Jana jioni nilishuka Mama Ngina, pale baharini, na rafiki yangu kula muhogo wa kuchoma. Muuzaji akaupasua akaniuliza nitie pilipili na ndimu? Nikageuka kumtazama rafiki yangu. Yaani shingo iligeuka yenyewe, muhogo ni wangu na pesa ni zangu. Nikasimama pale kama mjinga, watu foleni nyuma yangu, sijui napenda nini. Nikamwambia upande mmoja tia pilipili na ndimu, wa pili ndimu na chumvi tu. Tukakaa ukutani nikala huku na huku polepole. Wa ndimu tupu ndo uliokwisha kwanza. Pilipili siipendi, na nimeila miaka yote hii.